Kikulacho Ki Nguoni Mwako: Maradhi ya Tezi za Mate

Nilipokuwa mdogo, alikuwako mama mmoja kijijini petu ambaye hakuweza kula posho pasipo kikombe cha maji kando yake. Kila tonge lilifuatwa na funda la maji. Sisi watoto tulimcheka, na watu wazima walinong'ona kwamba amelaaniwa. Meno yake yalioza kabla hajawa mzee. Hakupata kupimwa na daktari hata siku moja. Mwaka huu nimesoma habari za maradhi yanayoleta mambo kama yale, nami napenda kuwaelezeni, wasomaji wenzangu.

Kwanza tujue kazi ya mate. Mtu mzima hutoa mate nusu lita hata lita moja na nusu kila siku. Yatoka katika tezi kubwa jozi 3: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Tena ziko tezi ndogo mamia kwa mamia ndani ya midomo na mashavu. Mate hulainisha chakula, huosha meno na kupunguza ukali wa asidi. Tena ndani ya tezi wamo walinzi, yaani chembe za plazma, zitengenezazo kingamwili. Kingamwili ni protini inayomshika adui wake kama ufunguo uingiavyo katika kufuli yake. Katika tezi yenye afya, walinzi walio wengi hutengeneza kingamwili za aina A, ambazo hutoka pamoja na mate kwenda kulinda kinywa.

Mwaka 1933 daktari wa macho wa Uswidi, Henrik Sjögren, aliandika tasnifu juu ya wanawake 19 waliokauka macho, na 13 kati yao walikuwa na baridi yabisi pia. Kazi yake haikupewa alama za kumwezesha kuwa mwalimu wa chuo kikuu. Walakini leo maradhi hayo yaitwa kwa jina lake. Katika wagonjwa 10, kama 9 ni wanawake.

Basi, maradhi haya huendaje? Chembe nyeupe za damu ziitwazo limfosaiti huingia katika tezi na kukusanyika kuzunguka mirija yake. Chembe za tezi zenyewe hutoa kemikali za kuziita na kuzitunza. Kwa wagonjwa wapatao robo, limfosaiti hujenga humo vituo kama vile vilivyomo katika tezi za limfu, na humo huzaana na kujizoeza kutengeneza kingamwili. Ndipo chembe za plazma za aina nyingine huongezeka, zikitoa kingamwili za aina G. Nyingi za hizo hazishiki vijidudu, bali hushika protini za mwili wenyewe, ziitwazo Ro na La. Majina hayo ni herufi za kwanza za majina ya wagonjwa wawili.

Hapa ndipo penye ajabu. Silaha hizi hazitoki mbali tu. Nyingine zafuliwa mumo humo ndani ya tezi. Ni kama askari waliopewa nyumba kuilinda, wakaigeuza kuwa karakana ya mikuki ya kumchomea mwenye nyumba. Lakini tusidhani kwamba kingamwili peke yake ndizo zikaushazo kinywa. Limfosaiti nyingine huua chembe za tezi, na amri za neva za kutoa mate hupungua nguvu.

Daktari hujuaje? Hupima damu ili kutafuta kingamwili za Ro. Humwambia mgonjwa ateme mate katika chombo. Yasipozidi mililita 0.1 kwa dakika, kinywa kimekauka kweli. Tena huweza kutoa tezi ndogo chache ndani ya mdomo wa chini na kuzitazama kwa darubini. Akikuta kundi la limfosaiti 50 au zaidi katika kila milimita 4 za mraba, hiyo ni dalili kubwa.

Kujua mapema kuna faida. Kingamwili za Ro huweza kupita kondoni hadi kwa mtoto aliye tumboni, na katika mimba 1 au 2 kwa kila 100 za akina mama walio nazo, moyo wa mtoto hupungua mwendo. Mama akijulikana, moyo huo huangaliwa. Dawa ya kuondoa maradhi kabisa haijapatikana, lakini fluoridi hulinda meno, na pilokapini, itokayo katika majani ya mti wa Brazil uitwao jaborandi, huamsha tezi zilizosalia.

Ndugu zangu, yule mama hakulaaniwa. Huenda askari wa mwili wake mwenyewe ndio waliomkausha kinywa, na sisi tukamwongezea kicheko. Ukimwona mtu asiyeweza kumeza tonge bila maji, usimcheke wala usimsingizie. Mletee maji, kisha umsindikize kwa daktari.