Kabla ya kununua mashine ya kuchonga meno

Katika hospitali moja ya kanisa niliyotembelea, nyuma ya chumba cha daktari wa meno, kuna mashine iliyofunikwa kitenge. Ilinunuliwa kwa michango ya makutaniko na ya marafiki wa ng'ambo. Ilifanya kazi miezi michache, halafu ikasimama. Hakuna aliyeiiba wala kuivunja. Sehemu moja ndogo iliharibika, na fundi wa kuitengeneza hakupatikana karibu. Wauguzi huweka makartoni ya glavu juu yake.

Nilikikumbuka chumba kile siku kamati ya hospitali yetu ilipoletewa bei ya mashine ya namna hiyo. Mimi si daktari wa meno. Ninaketi katika kamati hiyo kwa sababu pesa ni za waumini, na mama aliyetoa franka zake atamuuliza mchungaji wake kwanza, si muuzaji. Kwa hiyo nilianza kuuliza: niliwauliza madaktari, mafundi wa meno ya bandia, na watu wa umeme. Ninawaandikia niliyoyaelewa, maana najua hospitali zingine za makanisa yetu zinapokea bei kama hizo.

Haja yenyewe ni ya kweli. Mtu ambaye jino lake limeoza sana lakini mzizi bado ni mzima anaweza kufunikwa jino kwa taji, yaani kofia ngumu yenye sura ya jino. Aliyepoteza jino moja katikati anaweza kuwekewa daraja linaloshikwa na meno ya pande mbili. Kwa wengi wetu huku mashariki kazi hiyo hutumwa kwenye maabara za mbali, mara nyingi ng'ambo ya mpaka, na mgonjwa hungoja majuma akiwa na jino lililosagwa nusu. Likirudi halimkai, safari inaanza upya. Daktari anayetamani maabara ndani ya hospitali yake hatafuti fahari.

Mashine hizi si mpya sana. Mwaka 1985 huko Zürich, Uswisi, Werner Mörmann na Marco Brandestini walimwekea mgonjwa wa kwanza kazi iliyochongwa na mashine yao wakati yeye akingoja kitini. Njia ni ileile mpaka leo. Skana inapiga picha ya meno, au ya mfano wake wa plasta. Fundi anachora taji kwenye kompyuta. Mashine inalichonga kutoka kwenye kipande kizima, kama mchongaji anavyotoa mwiko ndani ya gogo.

Muuzaji huanza kwa kuonyesha mashine. Sisi tulijifunza kuanzia upande mwingine: ni kitu gani kitachongwa? Hapo ndipo mashine moja inatengana na nyingine.

Kinachotumika sana leo ni zirkonia. Ni kauri nyeupe, ngumu sana, inayoweza kukaa kwenye magego. Huja katika diski ya duara yenye upana wa milimita 98, kipimo ambacho mashine nyingi za maabara hukipokea, na diski moja inaweza kutoa mataji 20 au zaidi. Ajabu yake ni kwamba huchongwa ikiwa bado laini kama chaki. Mama zetu wanaofinyanga vyungu wataelewa mara moja: chungu kikiingia motoni hupungua. Zirkonia nayo hupungua karibu robo au sehemu ya tano ya ukubwa wake, kwa hiyo kompyuta huichonga ikiwa kubwa kupita kiasi, ili ikitoka motoni ilingane na kinywa. Moto wenyewe ni wa nyuzi karibu 1500, na kwa utaratibu wa kawaida kuchoma na kupoza huchukua saa nane au zaidi. Ikumbukeni hesabu hiyo, tutairudia.

Kuna rezini, aina ya plastiki ngumu, kwa mataji ya muda na kwa kazi za kujaribisha kinywani. Hiyo ni rahisi kuchonga. Kuna kauri ya kioo, nzuri kwa meno ya mbele kwa sababu mwanga hupita ndani yake kama katika jino la kuzaliwa nalo. Hiyo huchongwa kwa maji, vinginevyo joto huiharibu. Na kuna chuma cha kromu na kobalti. (Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia hutoka katika nchi yetu, kule Katanga. Inatoka ikiwa mzigo wa malori, na ikirudi kama diski ya maabara tunainunua kwa dola.) Chuma hicho kinataka mashine nzito isiyotetemeka. Mashine ndogo ya mezani ikilazimishwa kukichonga, vichongeo vyake vinakwisha haraka na vipimo vinapotea.

Basi kuna mashine kavu, kuna za maji, na kuna zinazofanya yote mawili. Hizo za yote mawili zinavutia kamati, maana zinaonekana kama kununua mbili kwa bei ya moja. Lakini fundi aliyezizoea alinieleza jambo lisiloandikwa kwenye karatasi ya matangazo: unga wa zirkonia ukikutana na maji huwa tope, linaloziba mirija. Kila mara unapobadilisha kutoka kavu kwenda maji, lazima usafishe mashine yote. Mahali penye fundi mmoja mwenye wagonjwa wengi, usafi huo utarukwa siku moja, halafu siku ya pili. Kwa hospitali inayoanza, mimi ningechagua mashine kavu ya zirkonia na rezini, na zile kazi chache za kauri ya kioo ziendelee kutumwa nje.

Neno lingine mtakalosikia ni mihimili: minne au mitano. Mashine ya mihimili minne husogea pande tatu na kugeuza diski kwa njia moja. Ya mitano huongeza kuiinamisha, ili kichongeo kifike mahali palipojificha. Kwa taji moja moja na madaraja mafupi, minne inatosha. Mitano inahitajika kwa daraja refu ambalo meno yake ya kushikia yameegemea huku na huku, na kwa kazi za skrubu zinazopandwa ndani ya mfupa. Ulizeni daktari wenu amefanya kazi ngapi za namna hiyo mwaka jana. Kwetu zilihesabika kwa vidole.

Sasa tunarudi kwenye zile saa nane. Mashine ya kuchonga ya mezani haili umeme mwingi. Tanuru ndilo linalokula, kilowati 2 au 3 linapopanda joto, na haliwezi kukatizwa. Umeme ukikatika katikati, mataji yaliyo ndani yanaweza kupasuka, au yakatoka na rangi mbaya na nguvu pungufu ambayo jicho halioni. Mgonjwa ndiye atakayeligundua akitafuna muhogo. Kila mtu wa Bukavu au wa Goma anajua usiku wetu ulivyo. Betri ndogo ya kompyuta haiwezi kubeba tanuru mpaka asubuhi. Kwa hiyo gharama ya mashine inabeba ndani yake jenereta na mazuti yake, au mitambo ya jua yenye betri za kutosha, pamoja na kifaa cha kutuliza umeme unaopanda na kushuka. Kama chumba cha upasuaji bado hakina umeme wa uhakika usiku, mtajua wenyewe kipi kinatangulia.

Hewa pia ni mzigo. Mashine nyingi hutaka hewa ya kompresa, iliyo kavu na safi. Goma na Bukavu ziko karibu meta 1500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kompresa hutoa pungufu ya kile kilichoandikwa kwenye kibao chake. Muuzaji wa mbali hatalifikiria hilo asipoambiwa. Tena, unga unaotoka katika kuchonga si wa kupulizwa nje ya dirisha. Mafundi wa meno waliovuta vumbi la kauri na la chuma kwa miaka wanajulikana kupata ugonjwa wa mapafu. Kifyonza vumbi chenye chujio laini kiwe ndani ya bei tangu siku ya kwanza. Mnunuzi anayekiacha ili kupunguza gharama anaihamishia kwenye kifua cha kijana mmoja.

Halafu kuna kufuli zisizoonekana. Mashine zingine hukubali faili la STL kutoka skana yoyote na diski ya mtengenezaji yeyote. Zingine hukubali za kampuni yao tu, na diski zikikwisha huna mlango mwingine wa kubisha. Programu ya kuchorea nayo huwa na leseni, na leseni zingine hulipiwa kila mwaka. Kamati yetu ilikuwa imeona bei ya mashine, haikuwa imeona hiyo.

Juu ya matengenezo sina maneno mengi, maana kitenge kile kimeshasema. Uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025, hata sanduku dogo la vipuri lilihitaji kutafutiwa njia nyingine. Vichongeo huisha kama sabuni. Si jambo la bahati mbaya, ni matumizi ya kila mwezi. Lazima pawe na akiba, na mtu ndani ya hospitali aliyefundishwa kubadilisha sehemu za kawaida, na fundi anayejulikana kwa jina katika mji unaofikika kwa barabara.

Tulipofika hapo, daktari wetu mwenyewe alitushangaza. Alifungua daftari lake akasema kwamba wengi wanaokuja kwake wamekwisha kung'olewa meno mengi, na wanachohitaji ni meno ya kuvaa na kuvua, yale ya rezini ambayo fundi huyatengeneza kwa plasta, nta na mikono yake. Kwa hayo hakuna haja ya mashine hata moja. Kinachokosekana ni fundi wa pili na benchi nzuri ya kazi.

Tumeamua hivi: miezi mitatu huduma ya meno itaandika kila taji na kila daraja linalohitajika, na kama mgonjwa anaweza kulipa. Wakati huohuo tunauliza kama skana peke yake inatusaidia, ili picha zitumwe kwa intaneti na maabara ya mbali ichonge, badala ya plasta kusafiri ndani ya basi. Na wauzaji wawili tumewaandikia barua yenye maswali haya: fundi wenu wa karibu yuko mji gani, leseni ni kiasi gani mwaka wa pili, na tanuru lifanye nini umeme ukikatika saa saba usiku. Mmoja amejibu mawili ya kwanza. Wa pili alituma tena picha za mashine.