Picha Itakayodumu: Namna ya Kuchagua Mashine Kubwa ya Kuchapa Picha za Sanaa

Katika nyumba nyingi kuna albamu ya picha iliyohifadhiwa kabatini. Ukiifungua utaona jambo la kustaajabisha. Picha ya babu, iliyopigwa katika miaka ya 1950 kwa rangi nyeusi na nyeupe, bado inaonekana barabara. Kanzu yake ni nyeupe, na mikunjo ya uso wake waweza kuihesabu. Lakini picha ya harusi ya mwanawe, iliyopigwa kwa rangi katika miaka ya 1980, imekwisha kugeuka. Majani ya miti yamekuwa ya kahawia na nyuso za watu zimeiva wekundu. Picha changa imechakaa kabla ya picha kongwe.

Sababu yake ni ya kikemia. Picha ya babu imefanyika kwa chembe za madini ya fedha, na madini hayo, yakitunzwa vizuri, hayadhuriwi upesi na mwanga. Picha ya harusi imefanyika kwa rangi ambazo molekuli zake huvunjwa polepole na nuru, joto na hewa, na baadhi yake hufifia hata gizani.

Siku hizi picha nyingi za sanaa, zile zinazotundikwa katika majumba ya maonyesho na kuuzwa kwa wapenzi wa sanaa, huchapwa kwa mashine inayorusha matone ya wino juu ya karatasi, ambayo watu wengi huiita printa. Mtu anayetaka kununua mashine kubwa ya aina hiyo aghalabu huanza kwa kuuliza upana wake na bei yake. Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba yampasa aanze upande mwingine: kwanza wino, kisha karatasi, kisha kichwa cha mashine, na upana uje mwisho. Mwenye kununua picha ya sanaa hununua pamoja nayo ahadi kwamba itadumu, na ahadi hiyo haitimizwi kwa ukubwa wa mashine.

Somo kutoka California

Mwaka 1991, katika mji wa Manhattan Beach, California, nchini Marekani, mwanamuziki Graham Nash, aliye pia mpiga picha na mkusanyaji wa picha, alifungua karakana ya kuchapa picha za sanaa pamoja na mwenzake Mac Holbert. Karakana hiyo iliitwa Nash Editions. Mashine yao, IRIS 3047, iligharimu dola 126,000. Mashine hiyo haikuundwa kwa ajili ya wasanii. Iliundwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji, ili itoe sampuli ya ukurasa kabla ya mtambo mkubwa kuanza kupiga chapa maelfu ya nakala. Sampuli kama hiyo hutazamwa kwa siku chache na kutupwa. Kwa hiyo haikuwa lazima wino wake udumu.

Nash na wenzake waliirekebisha mashine ile ili ikubali karatasi nene za wachoraji, na picha zikatoka nzuri mno. Hata hivyo, wino wa kwanza wa mashine za namna hiyo ulikuwa dhaifu mbele ya mwanga, na picha iliyotundikwa ukutani iliweza kuanza kufifia baada ya miaka michache tu. Ikabidi kutafuta wino mwingine. Mwaka 2005 mashine ya Nash ilipelekwa katika Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani mjini Washington, nayo imehifadhiwa huko kama kumbukumbu ya mwanzo wa ufundi huu. Somo lake ni dhahiri: uzuri wa picha siku inapotoka mashinini hautuambii lolote kuhusu hali yake baada ya miaka 10.

Tone moja la wino

Tuliangalie kwanza tone lenyewe. Katika mashine kubwa za leo tone huwa na ujazo wa pikolita 4 hivi. Pikolita moja ni lita moja iliyogawanywa mara milioni moja ya milioni. Mwanafunzi akitumia kanuni ya ujazo wa tufe atapata kwamba kipenyo cha tone hilo ni mikroni 20 hivi, yaani milimita 0.02, ambapo unywele wa binadamu aghalabu una unene wa mikroni 50 hadi 100. Kijiko cha chai chenye mililita 5 za wino hutoa matone 1,250,000,000.

Kuna njia mbili kuu za kulirusha tone. Katika njia ya kwanza, kipande kidogo cha umeme nyuma ya kila tundu hupata joto la karibu nyuzi 300 za Selsiasi kwa muda mfupi kuliko kufumba na kufumbua. Maji yaliyomo katika wino hugeuka kiputo cha mvuke, na kiputo hicho husukuma tone nje. Katika njia ya pili hakuna joto. Kipande cha kauri ya namna ya pekee hujipinda kinapopata umeme, nacho hukamua wino kama mtu akaminyavyo pampu ya mpira. Njia zote mbili hutoa picha bora. Tofauti yao inahusu zaidi matengenezo, nasi tutairudia hapo chini.

Wino wa namna mbili

Ama kuhusu wino, ziko namna mbili. Katika wino wa kwanza rangi imeyeyuka kabisa majini, kama sukari katika chai. Molekuli zake zimetawanyika moja moja, na kila moja iko wazi kushambuliwa na nuru na hewa. Katika wino wa pili rangi haikuyeyuka. Imo katika hali ya chembe ngumu zinazoelea, kila chembe ikiwa na upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya mikroni. Chembe moja hukusanya molekuli nyingi sana. Nuru ikiharibu zile za juu, za ndani hubaki salama, mfano wa gunia la mahindi lililoachwa juani: punje za juu hupauka, za katikati hazibadiliki.

Wino ulioyeyuka una sifa zake. Rangi zake hung'aa, na kwa kawaida bei yake ni nafuu. Lakini mwaka 2000 ilitokea kwamba picha zilizochapwa kwa mashine moja ya mezani yenye wino wa namna hiyo ziligeuka rangi ya chungwa, nyingine kwa muda wa siku chache tu. Uchunguzi ulionyesha kwamba mkosaji hakuwa mwanga, bali gesi ya ozoni iliyomo hewani. Gesi hiyo ilipenya katika vitundu vidogo vya karatasi na kuivunja rangi ya samawati, na rangi nyekundu na ya manjano zikabaki peke yake. Kwa kazi ya sanaa, basi, chaguo la busara ni wino wa chembe. Yafaa pia mashine iwe na wino wa kijivu wa aina mbili au zaidi, ili picha nyeusi na nyeupe isipate madoa ya kijani au ya zambarau.

Miaka 100 katika miezi 11

Msomaji atauliza: watu wamejuaje kwamba wino utadumu miaka 100, na wino wenyewe haujatimiza hata miaka 40? Jibu ni kwamba huharakisha mambo. Mmarekani Henry Wilhelm, ambaye mwaka 1993 alitoa kitabu kikubwa juu ya udumifu wa picha za rangi, ameeneza kipimo kinachochukulia kwamba picha ya nyumbani hupata mwanga wa laksi 450 kwa saa 12 kila siku. Kwa mwaka mmoja hesabu huwa hivi:

450 × 12 × 365 = 1,971,000 laksi-saa.

Tuseme sasa tumeiweka picha chini ya taa za laksi 25,000 mchana na usiku. Kwa siku moja itapata laksi-saa 600,000. Hivyo mwaka mzima wa nyumbani utapita kwa siku 3 na robo hivi, na miaka 100 itapita kwa siku 329, yaani miezi 11 hivi. Kwa vipimo vya namna hii, picha nyingi za wino wa chembe zilizowekwa nyuma ya kioo zimekadiriwa kudumu zaidi ya miaka 60, na baadhi zaidi ya miaka 100.

Lakini tusisahau kwamba hayo ni makadirio. Taa kali kwa muda mfupi haifanyi sawasawa kazi ya taa hafifu kwa muda mrefu, na kipimo cha nuru hakipimi ozoni wala unyevunyevu. Muuzaji akikutajia idadi ya miaka, muulize: kwa karatasi gani, kwa mwanga kiasi gani, na penye kioo au pasipo kioo?

Karatasi

Wino mzuri juu ya karatasi mbaya ni kazi bure. Karatasi ya bei nafuu iliyotokana na mti huwa na lignini, nayo hugeuka manjano na kuwa dhaifu, kama tunavyoona katika magazeti ya zamani. Karatasi ya pamba isiyo na asidi hukaa muda mrefu zaidi. Tena, karatasi nyingi zinazoonekana nyeupe pepepe zimetiwa kemikali za kung'arisha, ambazo hupokea mionzi ya urujuanimno na kutoa nuru ya buluu. Kemikali hizo zikichoka, weupe ule hupungua na picha nzima huonekana kuelekea manjano.

Karatasi isiyong'aa na karatasi inayong'aa huhitaji wino mweusi wa aina tofauti. Baadhi ya mashine za zamani zilitumia njia moja kwa wino huo wa aina mbili, na kila ulipobadilishwa kiasi fulani kilimwagwa. Anayenunua mashine iliyokwisha kutumika na aulizie jambo hilo.

Kichwa cha mashine na hali ya hewa

Kichwa cha mashine kubwa huwa na maelfu ya matundu. Tundu likiziba, mstari mweupe hutokea katika picha. Wino wa chembe huganda upesi mashine isipotumika, hasa katika hewa kavu na yenye vumbi. Ili kuzibua, mashine hujisafisha yenyewe kwa kunyonya wino na kuumwaga katika chombo cha taka. Na wino huo umelipiwa.

Hapa ndipo tofauti ya njia mbili tulizozitaja inapoonekana. Vichwa vya joto huchakaa, lakini katika mashine nyingi mwenyewe aweza kukitoa cha zamani na kutia kipya. Vichwa vya kauri hudumu zaidi, lakini kikiharibika kimoja huhitaji fundi stadi, na gharama yake ni kubwa. Anayekaa mbali na fundi alifikirie sana jambo hili kabla ya kutoa fedha.

Chumba kizuri ni chenye unyevunyevu wa karibu asilimia 50. Katika pwani yetu, tangu Mombasa hadi Dar es Salaam na Unguja, unyevunyevu aghalabu hupita asilimia 70. Karatasi hunyonya maji na kujikunja, na picha huchelewa kukauka. Katika nyanda za juu wakati wa kiangazi taabu ni ya kinyume: matundu hukauka. Kwa hiyo gharama ya mashine haiwezi kutenganishwa na gharama ya chumba chake.

Upana

Sasa twaweza kuuliza juu ya upana. Mashine nyingi za kazi hii huchukua karatasi ya upana wa sentimita 61 au 112, na hizo za sentimita 112 huwa na uzito unaopita kilo 100. Je, picha yako itastahimili kukuzwa hivyo?

Jicho zima hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa pembe ya dakika moja ya nyuzi. Kwa umbali wa mita 1 hiyo ni sawa na milimita 0.29. Picha ya kamera ya pikseli milioni 24 ina pikseli 6,000 kwa 4,000. Tukiufanya upande mfupi uwe sentimita 112, kila pikseli itakuwa na upana wa milimita 0.28. Hivyo mtazamaji aliye umbali wa mita 1 au zaidi hataziona pikseli moja moja, lakini akisogea karibu ataanza kuona ukungu. Kwa upana wa sentimita 61 aweza kusogea hadi karibu nusu mita. Mwenye kamera hiyo, ambaye picha zake hutazamwa kwa karibu, hana haja ya mashine kubwa zaidi.

Kununua au kutonunua

Mwisho, chukua bei ya mashine na ya matengenezo kwa miaka 5, ugawanye kwa idadi ya picha utakazochapa katika muda huo. Ongeza wino wa picha, wino utakaomwagwa, na karatasi. Msanii anayechapa picha 10 kwa mwaka atakuta kwamba kila moja imemgharimu fedha nyingi, na kwamba kati ya picha na picha matundu yamekuwa yakiziba. Huyo heri apeleke kazi zake katika karakana inayochapa kila siku, na aulize maswali matatu: wino ni wa namna gani, karatasi imetokana na nini, na kichwa kilikaguliwa lini? Anayeyajua maswali hayo hulinda ahadi yake kwa mnunuzi, ingawa mashine si yake.

Jaribio la darasani

Chapeni nakala tatu za picha moja ya rangi kwa mashine yoyote iliyo karibu, na muandike aina ya wino wake. Nakala ya kwanza ibandikeni dirishani penye jua, nusu yake ikiwa imefunikwa kwa kadi nene. Ya pili itundikeni ukutani mbali na jua. Ya tatu iwekeni ndani ya kitabu kilichofungwa. Kila mwisho wa mwezi ondoeni kadi, linganisheni nakala zote chini ya mwanga uleule, na muandike ni rangi ipi iliyotangulia kufifia. Baada ya mihula miwili mtakuwa na majibu yenu wenyewe, ambayo hamkuyapata katika tangazo la muuzaji.