Umeshuka Udzungwa na kiu? Pitia kwa mama komoni

Kuna watu mjini ukiwatajia kupanda mlima, akili inaruka moja kwa moja hadi Kilimanjaro, utadhani nchi nzima ina mlima mmoja. Haya, wiki hii twende Mang'ula, ukingoni mwa Bonde la Kilombero, kwenye hifadhi ambayo gari lako la kifahari litabaki getini likichomwa na jua. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992, ina kilometa za mraba 1,990, na wanyama wake hutawaona kwa dirisha la gari. Ni mguu mosi, mguu pili. Na mguu ukishachoka, koo nalo linadai haki yake. Hapo ndipo nilipo na utaalamu kidogo.

Tuanze na mlima, nisije nikaambiwa nawafundisha ulevi. Njia ya mtu wa wikiendi ni ile ya maporomoko ya Sanje. Maji yanadondoka mita 170 hivi kwa hatua tatu, na kupanda mpaka kushuka ni kama saa nne, ukiacha muda wa kuoga. Juu kule ukigeuka unaliona bonde lote, miwa imetandikwa chini kama mkeka. Wenye mapafu yao wanakwenda kilele cha Mwanihana, zaidi ya mita 2,000, siku tatu mnalala mahemani. Kote huko hupandi bila kulipia na kupewa mwongozaji, maana tembo na nyati ndio wenye nyumba.

Njiani mkibahatika mtamsikia mbega wa Sanje. Mbega jina tu, wataalamu wanamweka kwenye ukoo mwingine wa nyani. Walimtambua mwaka 1979, dunia ya sayansi ikashangaa, wakati wenyeji walikuwa na jina lake siku zote: ng'olaga. Wangeuliza kilabuni mapema wangeokoa muda.

Sasa mmeshuka. Saa kumi jioni, fulana imeganda mgongoni, magoti yanacheza sindimba yenyewe. Mtoto wa mjini anafanya nini? Anakimbilia hoteli yenye ukuta na miamvuli, anaagiza bia baridi kama barafu, anaimeza mbili haraka kabla hata hajala. Saa moja usiku kashalala mezani, na kesho anasimulia mlima ulivyomtesa. Mlima haumo, bwana. Wewe umetoka jasho saa nne, mwili umekauka, unauwekea kilevi juu ya tumbo tupu. Anza na maji. Kisha chumvi, yaani supu. Bia haina miguu, itakungoja.

Mimi chaguo langu la kwanza ni glosari za kando ya barabara kuu ya Mang'ula. Usiniulize majina, maana ukutani limeandikwa jina la soda kubwa kuliko la mwenye duka, na rangi ikipakwa upya jina linaweza kubadilika. Tafuta hivi: viti vya plastiki, mti mmoja wa kivuli, jiko la mkaa linalofuka, na baamedi anayeuliza "ya moto au ya baridi?" kabla hujakaa vizuri. Huko ndiko waongozaji wanakokuja wakishavua sare. Uzuri wake ni kwamba yule kijana aliyekuwa mbele yako kutwa nzima akisema "polepole, kaka" sasa ana chupa mkononi na anaeleza mambo ambayo porini hakuyagusa: nani aliteleza wapi, mgeni gani alilia. Mnunulie moja. Ofa kwa mwongozaji ni heshima, kaitembeza roho yako salama.

Lakini anayetaka kuionja Mang'ula yenyewe avuke barabara, aingie vichochoroni mpaka asikie kelele za wazee. Kule ni kilabu cha pombe ya kienyeji. Benchi la ubao, kopo la lita moja linazunguka, na ndani ya kopo ni komoni: unga wa mahindi, kimea, maji, na moto wa masaa mengi. Ni nzito kama uji, inashibisha kabla haijalewesha, na kwa mtu aliyetoka mlimani hiyo ni nusu ya chakula. Ukifika msimu wa mvua na ukakuta ulanzi ulioteremka kutoka nyanda za juu Iringa, uliza kwanza ni wa lini. Wa leo ni mtogwa, mtamu, hata bibi yako angekunywa. Ukishachacha unaitwa mkangafu, na huo usiuchukulie poa. Gongo je? Achana nayo. Sheria inakataza, na macho unayo mawili tu.

Siku moja nilimwamkia mama mwenye kilabu, shikamoo mama, nikamuuliza mbona kopo limepanda bei. Hakuzungumzia unga. Alinyoosha mkono kuelekea msitu nyuma ya paa lake. "Kuni, mwanangu. Zamani tulikuwa tunaingia."

Ndiyo habari yenyewe hiyo. Zamani hifadhi iliwaruhusu wanavijiji kuingia siku maalumu za wiki kuokota kuni zilizokauka, na waliokuwa wakiingia wengi ni kina mama. Julai 2011 mlango ule ukafungwa. Sababu ya hifadhi inaeleweka: msitu uko mgongoni mwa vijiji vyenye watu wengi, na si kila panga lililoingia liliishia kwenye tawi kavu. Ila pipa la komoni halichemki kwa maelezo. Tangu hapo kuni ni za kununua au za miti uliyopanda mwenyewe shambani, na wengine wamehamia kwenye pumba za mpunga, ambazo bonde hili linazo milima kwa milima kwenye mashine za kukoboa. Mama yule ana miti yake michache ya kupanda na jiko la pumba kwa ajili ya wali. Kwa pipa, anasema, pumba zinataka kukaliwa macho kutwa, na yeye ana wateja.

Kwa hiyo mtalii wa ndani, ukipewa bei ya kopo usianze kubishana kama uko Kariakoo. Ule ubichi uliolipia getini kuutazama, yule mama anachangia kuulinda kila anapowasha moto. Na chenji mwachie.

Jambo jingine, na hili silisemi kwa mzaha: kilabu cha Mang'ula ni cha jioni, kisikukeshe. Maeneo ya Mang'ula kuna shoroba ya tembo inayotoka Udzungwa kuvuka bonde kuelekea Hifadhi ya Nyerere. Wamejengewa hata njia ya kupita chini ya barabara. Lakini tembo hasomi ramani, na mpunga wa watu anaupenda. Giza likiingia mwite wa bodaboda unayemfahamu, usitembee kwa miguu ukiimba.

Ukiwa bado na nguvu, sogea Ifakara. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, ile iliyokuwa inatupaka vumbi mpaka kwenye kope, ni lami na ilizinduliwa mwaka 2024. Pale Kivukoni nje ya mji, enzi za pantoni, foleni ya magari ilikuwa baa tosha: unangoja kuvuka kwenda Ulanga, unakula samaki, unapiga moja, unangoja tena. Daraja la Magufuli la mita 384 lilipofunguliwa mwaka 2018, watu wakaanza kupita bila hata kushusha kioo. Nafuu kubwa kwa mgonjwa, hasara kwa muuza samaki.

Samaki wenyewe bado wapo. Agiza perege au kambale wa mtoni, wa kuchoma, na wali wa Ifakara, ule ambao Dar unauziwa kwa jina hilo hata kama umetoka kwingine. Ila agiza samaki kwanza ndipo uagize kinywaji, maana jikoni watakwambia "dakika kumi tu", na dakika kumi za Ifakara ni bia mbili.