Nyoka hana saa ya kula kama yetu: nilichojifunza kwa kulisha nyoka Bukavu

Kuna waliouliza juzi kama ni kweli nilikuwa nafuga nyoka kwenye chumba changu hapa Bukavu. Ni kweli. Nilikuwa mwanafunzi wa biolojia, mwaka wa tatu, na niliona nafahamu yote. Yule nyoka karibu afe mikononi mwangu, na kosa lilikuwa langu, si lake.

Alikuwa nyoka wa nyumba, yule mwembamba wa rangi ya kahawia ambaye wanasayansi wanamwita Boaedon. Hana sumu ya kudhuru mtu. Majirani walitaka kumpiga kwa fimbo, mimi nikamchukua. Mama alipomuona ndani ya sanduku akaniuliza: "Weye mutoto, uko naleta nyoka mu nyumba, utamulisha nini?" Nikajibu kwa haraka: "Kobaye." Kwetu Kivu ya Kusini kobaye wako kila mahali, toka Kabare mpaka Walungu, jikoni chini ya meza wanakula majani. Niliona jibu liko tayari.

Nikampa kobaye aliyezaliwa siku ile. Akammeza kwa shida. Siku ya tatu nikakuta amemtapika, ameoza nusu, chumba chote kinanuka.

Kwa nini? Hesabu ni rahisi, lakini sikuifanya mbele. Nyoka yangu alikuwa na gramu 200 hivi. Kwa nyoka mkubwa, mlo unaofaa ni karibu asilimia 5 mpaka 10 ya uzito wake, yaani gramu 10 mpaka 20. Kwa aliye mdogo anayekua, inaweza kufika asilimia 15. Mtoto wa kobaye hazaliwi kama mtoto wa panya. Anazaliwa mkubwa, na manyoya, macho wazi. Yule niliyempa alikuwa na gramu kama 60. Ni kama mtu wa kilo 60 ameze kilo 18 za nyama kwa mara moja! Kama huna mizani, tumia macho: mnyama unayempa asizidi unene wa nyoka pale katikati ya mwili.

Kosa la pili lilikuwa baridi. Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama sisi, anachukua joto la mahali alipo. Akipata baridi, tumbo halifanyi kazi, na nyama inaoza ndani mbele ya kusagwa. Bukavu tuko kwenye mita karibu 1,500, na usiku joto linaweza kushuka mpaka karibu digri 15. Nyoka aliyekula anahitaji upande mmoja wa sanduku uwe na digri 28 mpaka 30, na upande mwingine wa kupumzikia usio na joto sana. Umeme ukikatika, mimi nilikuwa najaza chupa za maji ya moto na kuzifunga kwa kitambaa. Kama hauna namna ya kutunza joto, usimlishe siku hiyo. Njaa ya wiki moja haitamuua, chakula kilichooza tumboni kinaweza.

Baada ya kutapika, nilimuachia maji safi tu, wiki mbili nzima. Halafu nikampa kapanya kadogo, nusu ya mlo wa kawaida. Akakubali. Siku ile nililala vizuri.

Sasa ratiba. Nyoka mdogo anakula kila siku 5 mpaka 7. Mkubwa wa aina hii, kila siku 10 mpaka 14. Chatu mkubwa anaweza kukaa wiki 3, 4 au zaidi. Akishakula, usimshike kwa siku 2. Akikaribia kujivua ngozi, macho yake yanakuwa kama maziwa, na mara nyingi anakataa chakula. Usimlazimishe.

Lakini mbele ya "lini" iko "nini". Si kila nyoka anakula panya. Katika milima yetu iko nyoka mla mayai, Dasypeltis, ambaye hali kingine isipokuwa mayai ya ndege: anameza yai zima, mifupa ya mgongo inalipasua kooni, halafu anatema ganda. Mpe panya, atakufa na njaa mbele yako. Duberria anakula konokono, hasa wale wasio na gamba. Swila wa maji wa ziwa Tanganyika, kule Uvira, anakula samaki. Huyo ana sumu kali, hafugwi nyumbani hata kidogo! Kwa hiyo kama haujui jina la nyoka, haujui chakula chake, na haupaswi kumfunga ndani ya sanduku.

Tena, musitumie panya wa mtego. Mjini watu wengi wanaweka sumu ya panya, na panya aliyeila anapitisha sumu ile kwa anayemla. Panya wa porini na wa mtaani wanabeba pia vimelea na magonjwa yanayoweza kukupata wewe mwenyewe. Mimi nilianza kufuga panya weupe, dume 1 na majike 2. Mimba yao ni wiki 3 tu. Nilikuwa nawaua haraka mbele ya kuwatoa, sababu panya aliye hai anaweza kumng'ata nyoka mpaka kumtia vidonda.

Miezi sita baadaye, akiwa na nguvu, nilimrudisha kwenye vichaka karibu na pale nilipomchukua. Mama hakusema mengi: "Sasa umejua kumulisha, ndiyo unamuacha?" Ndiyo, mama. Mbwa mwenye njaa atalia mlangoni, mbuzi atapiga kelele. Nyoka ananyamaza tu mpaka anakufa. Ndiyo maana lile swali lako lilipaswa kupata jibu mbele sanduku halijafungwa.