Kinachoning'inia Chini ya Boneti

Kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni lami inapanda tu. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro limepita mita 1,800. Gari dogo lililojaa watu na mizigo hupanda huko kwa gia nzito, polepole, na upepo unaopita kwenye rejeta huwa mdogo. Likifika na kuzimwa, pampu ya maji husimama na joto lote la chuma hubaki limefungiwa. Kwa dakika kadhaa chini ya boneti huwa moto kuliko gari lilipokuwa likitembea.

Joto hilo likipanda hukutana kwanza na kapeti la boneti, kitu ambacho wenye magari wengi hawakitazami mpaka kianze kuning'inia. Ni bapa jeusi la nyuzi, mara nyingi nyuzi za kioo, lililoshikiliwa na klipu za plastiki upande wa ndani wa boneti. Linapunguza mngurumo wa injini na kuikinga rangi ya boneti isipigwe na joto kutoka chini, maana jua la Moshi la Januari na Februari linatosha kuipiga kutoka juu. Kwenye nchi za baridi kali husaidia pia injini isipoe upesi, faida ambayo mtu wa Pasua au Majengo, mjini Moshi, hana haja nayo.

Halichemshi injini, na kulitoa hakuipozi. "Toa tu hilo, mzee, injini ipumue" ni ushauri unaosikika sana gereji, lakini kinachopoza injini ni maji, rejeta, feni na thamostati. Gari linalochemka kwenye mlima wa Kibosho likiwa na kapeti litachemka palepale bila kapeti.

Kinachoua kapeti ni umri. Magari mengi ya mkoani yametumika Japani kwanza, na plastiki ya klipu zake imekwisha kukakamaa kwa joto la miaka. Halafu linakuja bomba la presha la muosha magari: nyuzi zinanyonya maji, kapeti linakuwa zito, klipu inakatika. Oili inayovuja nayo ni hatari zaidi, kwa kuwa kapeti lililolowa oili linaweza kushika moto.

Na kuna panya. Desemba, familia zikipanda kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi nyumbani, magari hulala siku kadhaa kandokando ya migomba. Kwa panya, injini yenye uvuguvugu na kapeti laini juu yake ni nyumba tayari. Asubuhi dereva hukuta nyuzi zimenyofolewa na kurundikwa karibu na betri; hapo inafaa kukagua na nyaya pia, kwani meno yaleyale hayachagui.

Kipande kilicholegea kikidondoka kwenye bomba la ekzosi, ambalo joto lake hufika mamia ya nyuzijoto, au kikinaswa na mkanda wa feni, hasara yake si ndogo.

Kubadilisha kapeti si kazi ya siku nzima. Injini iwe imepoa. Fundi huvaa glovu na kufunika pua, kwa sababu nyuzi za kioo huwasha ngozi na koo. Kupuliza mabaki kwa upepo wa kompresa ni kuyasambaza tu. Klipu hubinuliwa kwa bisibisi bapa, na nyingi zitavunjika, kwa hiyo mpya zinunuliwe kabla ya kuanza. Kapeti litafutwe kwa namba ya chasisi, au lile la mtumba lipimwe matundu kwa matundu, maana mabapa mawili yanayofanana kwa macho huweza kupishana sentimita chache. Kufunga kunaanzia katikati kwenda pembeni, na kimpira cha maji ya waipa, ambacho kwenye magari mengi hupita hapohapo, kisibanwe.

Kosa kubwa ni kukata sponji la godoro na kulibandika kwa gundi ya viatu. Gundi hiyo hulegea kwa joto, na sponji la godoro huwaka upesi na kutoa moshi wenye sumu. Ni akiba ya shilingi chache inayowekwa juu ya injini.

Abiria wa Hiace na Noah za zamani wana habari nyingine. Humo injini iko chini ya viti vya mbele, na kizuia joto chake kimo kwenye mfuniko wa injini. Kiti cha mbele kikianza kuunguza mapaja, mwenye gari aukague mfuniko huo na mipira yake ya pembeni.

Dukani wakikosa kapeti la gari lako, ling'oe lile bovu lote na uendeshe bila hilo mpaka lipatikane. Kelele zitaongezeka kidogo na rangi ya boneti itachoka mapema, lakini hutakuwa na kitambaa kinachoning'inia juu ya ekzosi.