Habari za hapa, bei ya kwingine

Kwenye mkutano wa waandishi wa habari Dar es Salaam siku hizi, maikrofoni zenye nembo za TV za mtandaoni zimebanana mezani na zile za redio na televisheni tulizozizoea. Millard Ayo, aliyejulikana kwanza redioni Clouds FM, alijenga Ayo TV. Global Publishers, waliouza magazeti kama Uwazi na Ijumaa, wana Global TV Online. Nyuma yao wamejipanga vijana wengi wenye simu, stendi na bando.

Mlango wa kuingilia ni mpana. YouTube humgawia mwenye chaneli fedha za matangazo akifikisha wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kwenye video ndefu mwenye chaneli hubaki na asilimia 55 ya mapato hayo, kwenye video fupi asilimia 45. Ila watazamaji hawana bei moja. Mtangazaji wa bidhaa hulipa kidogo kumfikia mtu wa Tandale kuliko Mtanzania aliyeko Texas, na hata huyo wa Texas ana makato yake: kwa kuwa Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mapato yatokanayo na watazamaji wa huko hukatwa hukohuko.

Bei hiyo ndiyo inayopanga kazi ya siku. Msiba wa msanii hutazamwa usiku kucha. Kikao cha madiwani kinachojadili hoja za mkaguzi hakifikishi hata watazamaji mia. Mhariri anayepimwa kwa idadi ya watazamaji atampeleka mwandishi wake msibani, na sioni haki ya kumlaumu yeye peke yake.

WhatsApp nayo imebadilisha kazi kimyakimya. Maofisa habari wa wizara na mikoa huweka taarifa, picha na sauti ya waziri kwenye makundi ya waandishi, na jioni vyombo kumi vinatoka na aya zilezile. Mwandishi anayelipwa kwa habari moja moja, na nauli yake mfukoni mwake, ataondokaje ofisini? Kamati ya Tido Mhando, iliyoundwa Januari 2023 kutathmini uchumi wa vyombo vya habari Tanzania, ilikuta waandishi wengi hawana mikataba ya ajira. Kwa watu hawa kundi la WhatsApp ndilo chumba cha habari.

Humohumo ndimo hupita barua za kughushi zenye nembo ya serikali na kadi bandia za habari zenye nembo za magazeti ya Mwananchi au Nation. Kuzichunguza kunahitaji simu tatu nne, pengine siku nzima, na hakuna jukwaa linalolipia siku hiyo. Wakaguzi wa ukweli kama PesaCheck na JamiiCheck wanaifanya kazi hii vizuri, lakini ingepaswa kuwa na fungu lake katika bajeti ya kila chombo.

Hasara nayo hubaki nyumbani. Kanuni za Tanzania za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwanzilishi wa chaneli alipe ada za takriban shilingi milioni 2.1; baadaye ada hizo zikapunguzwa. Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisitishwa kwa siku 30 kwa sababu ya katuni ya video ya The Citizen. Mei 2025 mtandao wa X ukazimwa nchini, na kuanzia siku ya uchaguzi, 29 Oktoba, intaneti yenyewe ikakatwa kwa siku kadhaa. Chaneli isiyopakia video haina cha kumlipa mpiga picha.

Afrika Kusini wamechukua hatua. Kamisheni yao ya Ushindani ilichunguza soko la habari na majukwaa, na Novemba 2025 ikatangaza makubaliano ambayo Google itatoa randi milioni 688 kwa vyombo vya nchi hiyo. Tanzania ina Tume ya Ushindani, Kenya ina Mamlaka yake. Wamiliki wa vyombo wanaogombania watazamaji walewale wanapaswa kwenda huko pamoja, wakiwa na hesabu zao za miaka mitano, pamoja na malipo ya waandishi wao wa mikoani.