Mbeya City: Tatizo mbinu au wachezaji?

KILA Mbeya City inapofanya vibaya, mashabiki wa Iyunga, jijini Mbeya, hugawanyika: wapo wanaolaumu mbinu za kocha, wapo wanaolaumu wachezaji. Historia ya timu hiyo inaonyesha kuwa mambo hayo hayatenganishiki.

Msimu wa 2013/14, ikiwa ngeni Ligi Kuu, ilishika nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga, ikinolewa na Juma Mwambusi. Mwaka 2015 Yanga ilimsajili kiungo Deus Kaseke, kisha ikamchukua Mwambusi kuwa kocha msaidizi.

Mbeya City ilishuka daraja mwaka 2023, ikarejea 2025. Kwa kuwa mbinu hupangwa kulingana na wachezaji waliopo, swali la msingi ni namna ya kuwabakiza wote wawili: mpangaji na mtekelezaji.